Waliobaki kando ya lami

Saa kumi na moja alfajiri steji ya Lodwar huwa na watu tayari, na hewa bado ina ubaridi kidogo ambao saa mbili baadaye hakuna atakayeukumbuka. Probox imefunguliwa mlango wa nyuma. Magunia mawili ya samaki wakavu kutoka Kalokol yamesukumwa ndani, jerikeni ya mafuta ya kupikia imebanwa katikati, na makanga anapaza sauti: "Kakuma wawili! Wawili tu twende!" Wawili hao ni wa kuita. Ndani ya gari hakuna hata mmoja aliyekaa.

Mama mmoja ameketi juu ya ndoo aliyoigeuza juu chini. Mtoto wake, wa siku chache tu, amefungwa ndani ya leso, na mkononi mama ameshika karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Karibu naye mzee amekalia ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume Mturkana hukibeba popote aendapo, mchana akakikalia na usiku akakilazia kichwa. Mzee haulizi gari litaondoka saa ngapi. Gari litaondoka likijaa. Asubuhi nyingine hujaa saa moja, nyingine saa nne, na ziko siku ambazo dereva hukata tamaa akarudi nyumbani, abiria wakaambiwa wajaribu kesho.

Kutoka hapa hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, na nyingi kati ya hizo sasa ni lami mpya. Gari likishashika njia, ni mwendo wa saa mbili. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa steji muda mrefu kuliko atakaokaa barabarani, na hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Kwa miaka mingi kilio cha Turkana kilikuwa barabara. Barabara imekuja, na kilio kingine kimebaki pale pale steji.

Anayeijua historia ya njia hii hawezi kuidharau lami. Wakoloni walipotaka kumtenga mtu na dunia, walimleta huku. Jomo Kenyatta alitumikia kifungo Lokitaung, kisha mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, na nyumba aliyowekwa ingali ipo. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo huingii wala hutoki bila kibali. Baada ya uhuru ilichukua muda mrefu kabla ya lami kupanda kutoka Kitale, ikivuka Marich na Kainuk hadi Lodwar. Pesa za Norway zilisaidia sana kazi hiyo katika miaka ya themanini. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi, Wanorway wakafunga virago, na barabara ikaachiwa jua na malori.

Iliharibika hadi madereva wakaikimbia. Yeyote aliyesafiri kati ya Lokichar na Lodwar miaka kumi na tano iliyopita anaikumbuka picha hiyo: lami iko pale, imechimbika kama ufizi uliong'oka meno, na magari yote yanakwenda pembeni yake mchangani, kila dereva akijitafutia njia kati ya miiba. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa mradi ulioikusudia njia hii hadi Nadapal, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, pamoja na waya wa intaneti wa kuzikwa kando yake. Kazi ikagawanywa vipande: Lokichar hadi Loichangamatak, Loichangamatak hadi Lodwar, Lodwar hadi njia panda ya Lokitaung, na kuendelea hadi mpakani. Wahandisi waliihesabu kilomita kwa kilomita, daraja kwa daraja.

Mhandisi wa barabara huhesabu magari. Hukaa kando ya njia akaandika malori mangapi, mabasi mangapi, magari madogo mangapi yamepita, na kutokana na hesabu hiyo hujua lami iwe nene kiasi gani. Ni hesabu sahihi kwa kazi yake. Lakini mtu aliyesimama kwenye njia panda tangu asubuhi, gari likampita limejaa, akarudi kwao, hamo katika hesabu hiyo. Wala mgonjwa aliyeona nauli na shida akaamua kulala. Ukitaka kujua watu wa Turkana wanahitaji usafiri wa aina gani, wanaopita ni nusu ya jibu. Nusu nyingine wako kando ya lami, na wengine hawajafika hata hapo.

Kaunti ni pana mno. Ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sensa ya 2019 ilikuta watu 926,976. Kila kilomita ya mraba ina watu wasiozidi kumi na wanne, na wengi wao huhama na mifugo. Mwenye basi akiziangalia namba hizo hucheka, kisha akaelekeza basi lake Kisumu. Simlaumu, kwa sababu mafuta ya gari Lodwar ni ghali kuliko Nairobi na gereji ya maana iko Kitale, kilomita 300 kusini.

Usafiri uliopo basi umegawanyika sehemu mbili zisizokutana. Kuna mabasi makubwa ya moja kwa moja yanayotoka Nairobi, yakapita Kitale, yakafika Lodwar na mengine yakaendelea hadi Kakuma na Lokichoggio. Hayo yana tiketi na saa ya kuondoka, na yamewafaa watu sana. Lakini hesabu ya basi hilo ni ya abiria wa mbali. Anayetaka kutoka Lokichar kwenda Lodwar hupata nafasi ikiwa mwingine ameshuka, na mara nyingi hudaiwa nauli isiyolingana na kilomita zake. Sehemu ya pili ni magari madogo: Probox, Nissan, pikapu, na lori linalorudi tupu. Haya husimama popote unapopunga mkono, na ndiyo yanayoibeba Turkana ya kila siku. Hayana saa wala nauli iliyobandikwa. Shule zinapofunguliwa, na wanafunzi wanashuka na masanduku yao kuelekea Kapenguria, Kitale na Eldoret, bei hupanda kabla mzazi hajamaliza kuuza mbuzi.

Kati ya sehemu hizo mbili ndipo penye pengo. Nenda njia panda ya Lokitaung, pale barabara ya kwenda kaskazini inapojitenga na lami. Kutoka Lokitaung, Kaikor na hata Kibish watu hufika hapo kwa lori au pikipiki wakiwa na imani moja tu, kwamba lami ina magari. Lami ina magari kweli. Yote yamejaa Kakuma au Lodwar, kwa sababu gari lisilojaa haliondoki. Utaratibu wa kujaza kwanza, unaomfaa mwenye gari na hata abiria wa mjini, unamfungia mlango kila mtu aishiye katikati ya njia. Hilo ni jambo dogo sana la kibiashara, na sijui jingine linalowaumiza watu wengi zaidi kwenye barabara hii.

Nirudi kwa mama wa ndoo, kwa sababu hospitali ndiko hitaji hili linakoonekana waziwazi kuliko kwingine.

Kakuma ina hospitali ya misheni, na kwenye kambi yake ya wakimbizi kuna Hospitali Kuu ya Ammusait. Uzazi ukileta matatizo yanayozidi uwezo wa huko, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti hapa Lodwar, na mambo yakizidi hapa, hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Safari ya kwenda ina ambulensi. Ina king'ora, muuguzi, na barabara mpya ambayo bila shaka imeokoa maisha ya watu. Kisha mama anajifungua salama, anapewa karatasi yake, anaambiwa arudi kliniki baada ya wiki mbili, na mlango wa hospitali unafungwa nyuma yake. Ambulensi ina kwenda, haina kurudi. Mwanamke aliyeletwa usiku bila pochi, mwenye mshono mbichi, anajikuta steji akitafuta nauli ya watu wenye afya. Na ile kliniki ya wiki mbili? Hapo ndipo wengi wanapotea. Daftari la hospitali litaandika kwamba hakurudi. Halitaandika kwamba gari halikujaa.

Ningekuwa na uwezo, utafiti wowote wa mahitaji ya mabasi Turkana ungeanzia kwenye daftari hilo. Ichukuliwe orodha ya walioagizwa kurudi, ihesabiwe waliorudi na wasiorudi, na wasiorudi waulizwe wanatoka wapi. Ramani itakayotoka hapo itawaonyesha wakubwa palipo na hitaji, vizuri kuliko mkutano wowote wa hotelini. Vivyo hivyo kwa kesi mahakamani Kakuma na Lodwar zinazoahirishwa kwa sababu shahidi hakufika, na kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana wanaochelewa kufungua muhula. Haya ni maandishi ambayo tayari yapo. Ila hayajawahi kuitwa takwimu za usafiri.

Kakuma yenyewe ni hesabu ya peke yake. Kambi ilifunguliwa 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipoingia kwa miguu. Makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani yake miaka ishirini na kitu baadaye, na leo sehemu zote mbili zina karibu watu 300,000. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na biashara, lilitoa utafiti ulioichukulia Kakuma kama soko. Ulikuta biashara zaidi ya 2,000, na matumizi ya wakazi ya dola milioni 56 hivi kwa mwaka. Kabla ya hapo wengi waliiona Kakuma kama foleni ya chakula. Baada ya namba hizo kutoka, mazungumzo yalibadilika, na watu wa benki na simu wakaanza kuuliza njia. Hesabu ikifanywa vizuri humwonyesha mtu kitu kilichokuwa mbele yake siku zote.

Lakini wengi wa wakazi wa mji huo hawawezi kupanda gari wakatoka tu. Mkimbizi anahitaji pasi ya kusafiri, yenye sababu: matibabu, masomo, biashara. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliahidi nafasi pana zaidi ya kujitegemea, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unalenga kuyageuza makambi kuwa miji ambamo wenyeji na wakimbizi wanatumia huduma pamoja. Kwa abiria hili lina maana ya moja kwa moja. Kila kizuizi ambapo gari zima husimama wakati karatasi ya mtu mmoja ikikaguliwa kinaongeza muda wa safari kwa kila aliyemo, mwenyeji na mgeni. Dereva akishaona hivyo, huanza kuchagua nani wa kumbeba. Mtafiti atakayehesabu abiria wa Kakuma bila kuhesabu waliokataliwa steji kwa sababu ya lugha wanayozungumza atakuwa amehesabu nusu mji.

Sasa jukumu la usafiri huu ni la nani? Swali hili nimelisikia likirushwa kama mpira, kutoka Nairobi hadi Lodwar na kurudi. Katiba ya 2010 imelijibu. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa barabara kuu, na linazipa kaunti uchukuzi wa kaunti, na humo limetaja kwa jina uchukuzi wa umma wa barabarani. Kwa hiyo lami ya barabara hii kuu, A1, ni ya Nairobi, na mama aliyekaa kando yake juu ya ndoo ni wa kaunti. Hazina ya Usawazishaji, iliyowekwa na Katiba hiyo hiyo kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, inataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Basi halikutajwa. Ni kana kwamba barabara ikishakuwepo, gari litaota lenyewe.

Kuna pia kanuni za 2014 za magari ya abiria, zinazotaka mwenye kuomba leseni awe kwenye chama au kampuni yenye magari angalau 30. Nairobi kanuni hiyo ilileta nidhamu iliyohitajika. Lakini kwenye njia ya Lodwar hadi Lokitaung, magari 30 ya leseni yatatoka wapi? Matokeo yake ni kwamba njia zenye watu wachache huachiwa magari yasiyo na leseni ya abiria, na abiria wake hawana pa kulalamika ajali ikitokea. Kanuni ya namna hii ingelegezwa kwa kaunti kavu, kwa masharti, na naamini ingeokoa zaidi ya inavyolinda sasa.

Marekani walipitia jambo linalofanana na hili kwa njia yao. Mwaka 1982 walilegeza sheria za mabasi, kampuni zikaruhusiwa kuacha njia zisizo na faida, na miji midogo mingi ikaamka asubuhi moja basi halipo. Sheria yao iliyopitishwa 1991 inalitaka kila jimbo litumie angalau asilimia 15 ya fedha za usafiri wa vijijini kuunganisha miji midogo na mikubwa kwa basi. Gavana akitaka kuzitumia kwingine, lazima kwanza athibitishe kwa maandishi kwamba mahitaji ya mabasi kati ya miji yametoshelezwa, na kabla ya kutia sahihi awe amewauliza wenye mabasi. Nalipenda sharti hilo. Halimpi gavana ruhusa ya kunyamaza. Turkana ina mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027, na mwingine utaandikwa baada yake. Bunge la kaunti lingeweza kuweka sharti kama hilo kwa lugha yetu: gavana asimame, aseme mbele ya wawakilishi wadi kwamba mtu wa Lokori, wa Kibish na wa Loima anaweza kufika Lodwar na kurudi kwao, siku gani na kwa nauli gani.

Tahadhari moja. Kishawishi cha kwanza cha wanasiasa kitakuwa kununua mabasi, kuyapaka rangi na kukata utepe. Tuliyaona mabasi ya Nyayo, ya shirika la serikali. Shirika lile lilianzishwa 1986 kwa shangwe, na halikumaliza muongo uliofuata. Gari linanunuliwa siku moja, lakini tairi, dereva, bima na vipuri ni vya kila mwezi. Njia rahisi zaidi ni kulipia saa. Kaunti ikubaliane na wenye magari waliopo kwamba gari moja litaondoka Lodwar saa kumi na mbili asubuhi kila siku, limejaa au halijajaa, litasimama njia panda zilizotajwa, na viti vitakavyobaki vitupu vitalipiwa. Jingine lifanye hivyo hivyo kutoka Kakuma. Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa usafiri, LATRA, hutoa leseni kwa njia maalumu na huweka nauli ya mabasi ya mikoani kwa kilomita. Abiria wa mkoa wa Katavi anajua bei yake kabla ya kufika stendi. Abiria wa Lokichar anastahili vivyo hivyo.

Na hesabu ya viti vitupu ifanywe majira yote. Mvua ya Turkana ni chache lakini huja kwa hasira, na laga iliyokuwa mchanga asubuhi huwa mto jioni. Hapa Lodwar kila mtu anaijua laga ya Kawalase na siku inapokatiza njia. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi Pokot Magharibi yaliua makumi ya watu na kuvunja madaraja, na Turkana ikakatika na Kitale, kwa sababu kwa magari ya abiria na mizigo njia ya kusini ni hiyo hiyo moja.

Usalama nao hauwezi kuachwa kwa kurasa za polisi. Kwa miaka mingi magari yalisafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma. Februari 2023 maafisa wa polisi waliuawa na majangili upande wa Kainuk, na siku chache baadaye serikali ikapeleka jeshi Bonde la Ufa. Mwaka 2018 wananchi wa Turkana walisimamisha malori yaliyobeba mafuta ghafi kutoka Lokichar, na kilio chao kimoja kikubwa kilikuwa usalama. Niliwaelewa. Kila hofu moja hapo Kainuk ina bei, na inalipwa kwenye nauli: dereva haendi usiku, gari hukaa Kitale hadi kupambazuke, na anayesafiri kwa matibabu hulala mahali ambapo hakupanga kulala. Atakayekadiria gharama ya basi bila kuweka ndani usiku huo atakuwa amekosea kabla ya kuanza.

Asubuhi ile Probox iliondoka saa tatu na nusu. Mama wa ndoo aliingia wa nne, akapakatishwa mtoto, magunia ya samaki yakiwa chini ya miguu yake. Nauli alilipiwa nusu na mwanamke mwingine asiyemjua, wakasalimiana kwa Kiturkana na kuanza kuulizana koo. Angeshushwa njia panda ya Lokitaung. Kutoka hapo kwao si mbali, alisema, ni mwendo wa miguu tu, na jua lingekuwa limefika utosini.

Kwa mzee hapakuwa na nafasi. Makanga alimwambia kwa heshima, "Apa, ngoja la pili." Mzee aliinua ekicholong yake, akahamia upande mwingine wa ukuta, kule kivuli kilikokuwa kimebaki, akakaa.